Kinatacho Hakiondoki kwa Nguvu

Uchafu una tabia nyingi kama walivyo watu. Vumbi ni mgeni mwepesi: huja na upepo, huketi bila kupiga hodi, na ufagio ukionekana huondoka bila ugomvi. Tope ni mgeni mzito, lakini likikauka huvunjika na kuanguka. Kinatacho hakimo katika jamaa hizi. Aghalabu huja kwa njia ya utamu, ndani ya tunda, ndani ya asali, au katika mshumaa wa usiku wa furaha. Na kikishaushika mti hudai kuwa ni mwenyeji. Ukikisukuma, huenea, ukikifuta kwa ghadhabu, hukamata na kitambaa, ukikikwangua kwa kisu, huondoka pamoja na ngozi ya ubao. Nataka kusema habari za adui huyu mdogo, na habari za silaha imshindayo.

Huenda msomaji kijana akaona ya kuwa jambo hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Vitabu vyake humweleza vita vya wafalme na safari za mabaharia, naye atauliza meza ya jikoni ina cheo gani mbele ya mambo hayo. Namwomba subira. Makubwa hutujia mara moja au mbili katika umri. Madogo hutujia kila siku, na namna tunavyoyatenda ndiyo iifanyayo mikono yetu kuwa mikono ya busara au mikono ya uharibifu. Tena, mtu asiyejua kuondoa tone la utomvu mezani bila ya kuiharibu meza, ni vigumu kumwamini kwamba ataweza kuondoa chuki katika moyo wa jirani bila ya kuuharibu ujirani.

Nalizaliwa na kulelewa Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya. Mtu atokaye Likoni kuelekea mpaka wa Tanzania hupita Ukunda, akaiacha Diani mkono wake wa kushoto. Hupita Gazi, hupita Msambweni na Ramisi, hata afike Lunga Lunga. Njia yote hiyo ni nchi ya miti itoayo machozi. Mwembe ukikatwa kikonyo cha embe hutoa maji makali yaunguzayo midomo na mashavu ya watoto wenye pupa. Mkorosho, ulioletwa pwani hii kutoka Brazili na Wareno, huficha katika ganda la korosho mafuta meusi yatiayo malengelenge mikononi. Bibo lake lina maji matamu, lakini doa lake katika kanzu haliondoki hata kanzu izeeke. Miwa hutoa maji ambayo yakichemshwa na kuganda huwa sukari guru. Pale Ramisi palikuwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988, na baadaye miwa ikapandwa tena katika nchi ile. Lakini mfalme wa vinatavyo ni fenesi.

Yeye aliyewahi kupasua fenesi hana haja ya maelezo. Asiyewahi na ajue ya kwamba tunda hili, ambalo asili yake ni Bara Hindi ya kusini, laweza kuwa zito kuliko mtoto anayelibeba. Kokwa zake tamu zimelala ndani ya nyuzi, na katikati yake mna moyo mweupe utoao maziwa mazito. Maziwa hayo yakipigwa na hewa hugeuka gundi. Wavulana wa kale walitumia utomvu wa namna hiyo kufanya ulimbo wa kunasia ndege, na ndege aliyetua juu yake hakuruka tena. Kwa hiyo mpasuaji mwenye adabu hupaka kisu mafuta, hupaka viganja vyake mafuta, kisha hutandika majani ya mgomba chini. Asiyefanya hivyo hunaswa kama ndege.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya mti unaopokea gundi hiyo. Ubao hauko kama sahani ya udongo iliyopakwa kioo. Mti ulipokuwa hai ulikuwa na mirija myembamba isiyohesabika, ipandishayo maji kutoka mizizini hata majanini. Seremala akiuangusha na kuupasua, mirija ile hubaki, na katika uso wa meza huonekana kama mistari na vitundu vidogo. Kimiminika chochote kikimwagika juu yake hutafuta njia ya kuingia. Kama uso umepakwa vanishi, njia imezibwa kwa muda. Kama haukupakwa, au vanishi imechakaa, kimiminika huingia, hukauka mle ndani, na kushika kama mzizi. Hii ndiyo sababu kinatacho hakiondolewi kwa kusukumwa. Hakikukaa juu tu. Kimo ndani, na hakina budi kuitwa kitoke.

Somo hilo nalilipata nyumbani kwa bibi yangu, mzaa mama, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Bibi alikuwa na meza ya mvule. Babu aliinunua kwa fundi mmoja wa Vanga katika mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na juu yake palisomwa barua zote za nyumba ile, za furaha na za msiba. Nyumba yao ya kwanza, iliyoezekwa kwa makuti, iliungua usiku mmoja wa kaskazi. Katika vitu vichache vilivyotolewa salama, meza ile ilikuwa kimojawapo. Bibi alikuwa ameahidi ya kwamba mjukuu wake wa kwanza wa kike atakayeolewa ndiye atakayekwenda nayo kwake. Siku ikafika. Dada yetu mkubwa alikuwa aolewe, na kesho yake jamaa za bwana arusi walikuwa waje kumchukua pamoja na vyombo vyake.

Adhuhuri ile, katika pirikapirika za karamu, binamu yangu mmoja, kijana mwenye nguvu na haraka, alipasua fenesi juu ya meza ile bila jani wala mafuta. Wageni walipokwisha kula, uso wa meza ulikuwa na madoa meupe yaliyoanza kugeuka rangi ya kahawia. Binamu alipoona hivyo alishtuka, akaleta maji na sabuni. Alisugua sana, madoa yakageuka kijivu, yakaenea, yakashika nyuzi za kitambaa hata meza ikaota manyoya. Akaleta kisu. Kisu kiliinua kipande cha utomvu, na kipande kilipoinuka kiliinuka na unyuzi wa mvule, kikaacha mfuo mweupe wa urefu wa shubiri. Hapo alipandwa na hofu, na hofu ni mshauri mbaya. Akatoka mbio, akarudi na chupa ya petroli aliyoipata kwa mwenye pikipiki, akaingia nayo jikoni ilimokuwa meza, na hatua tatu kutoka pale palikuwa na mafiga matatu yenye moto.

Bibi aliinuka mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Mume wangu, chupa hiyo itoe nje kwanza. Moto ulikwisha kunijia mara moja; usiuandikie barua ya kuuita."

Binamu akatoka nayo. Aliporudi, bibi alimketisha, akamwuliza, "Kilichoshika mezani ni kitu gani?"

"Ni uchafu, bibi."

"Uchafu si jina. Mgonjwa akienda kwa mganga akasema, 'Naumwa,' atapewa dawa gani? Nakuuliza tena: ni kitu gani?"

"Ni utomvu wa fenesi."

"Na mikononi mwako umeuondoa kwa nini?"

Binamu akatazama viganja vyake. Vilikuwa safi, kwa kuwa alikuwa amevipaka mafuta ya nazi baada ya kula, kama afanyavyo kila mla fenesi. Akanyamaza, na sisi watoto tukacheka kwa siri. Mkono ulikuwa unajua. Kichwa hakikuwa kimeulizwa.

Bibi alitia mafuta ya nazi katika kikombe, akayapasha moto kidogo kwa kukiweka kikombe ndani ya maji ya uvuguvugu. Alichovya pamba, akaipakaza juu ya kila doa, kisha akaiacha meza akaenda kusali alasiri. Hilo la kuiacha ndilo lililotustaajabisha kuliko yote, maana tulidhani ya kuwa kazi ni kusugua. Aliporudi, utomvu ulikuwa umelainika kama ugali. Aliufuta kwa kitambaa kikavu, akifuata urefu wa nyuzi za ubao, wala hakukata nyuzi hata mara moja. Alipaka tena, akangoja tena, akafuta tena. Mara ya tatu meza haikunata. Ndipo akatia povu kidogo la sabuni katika kitambaa kilichokamuliwa, akayaondoa mafuta yaliyosalia, akaukausha uso wa meza saa ile ile.

Ukabaki ule mfuo wa kisu. Asubuhi bibi alimtuma binamu kuleta majani ya msasa. Wengi wetu leo huita msasa ile karatasi yenye changa inunuliwayo dukani, nasi tumesahau ya kwamba jina hilo ni la mti. Majani yake yana ukavu wa ulimi wa paka, na maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao zao tangu zamani. Binamu alisugua mfuo polepole, kwa urefu wa nyuzi, hata jua likapanda. Mfuo ukafifia, lakini haukutoweka. Meza ilikwenda Vanga na alama yake. Utomvu haukuacha doa hata moja, kisu kiliacha. Aliyekuja kusaidia ndiye aliyeudhuru mti kuliko aliyeuchafua.

Miaka mingi baadaye, katika kusoma habari za mimea, naligundua jambo lililonifanya niitazame adhuhuri ile kwa macho mapya. Wataalamu huipanga miti kwa ukoo, nao wameuweka mfenesi katika ukoo wa mitini na miforosadi. Katika ukoo huo huo umo mvule, na mti wa msasa pia umo. Basi tunda lililochafua, meza iliyochafuliwa, na jani lililoponya jeraha, vyote vilikuwa ndugu. Kadhalika mwembe na mkorosho, yenye maji makali, ni ya ukoo mmoja. Ulimwengu una undugu mwingi kuliko tuuonao, na aghalabu dawa ya ugomvi hutoka katika nyumba ile ile iliyozaa ugomvi.

Lakini kwa nini mafuta yalishinda pale maji yaliposhindwa? Hapa elimu ya kemia hutushika mkono. Vitu vya tabia moja huyeyushana, na vya tabia mbalimbali hukimbiana. Chembe za maji zina ncha mbili, moja yenye umeme mdogo wa namna moja na ya pili wa namna nyingine, nazo hushikana kwa ncha hizo. Chembe za sukari zina sehemu za umeme wa jinsi hiyo; kwa hiyo maji huzipokea, huzizunguka, na kuzichukua. Utomvu wa fenesi, kama ule wa mpira, umejaa chembe ndefu zisizo na ncha hizo. Maji hayana pa kuzishika. Mafuta nayo hayana ncha hizo. Huingia kati ya chembe za utomvu kama maji yaingiavyo kati ya chembe za sukari, nao hulegea. Bibi hakusoma kemia, lakini alichokijua kilikuwa kweli ile ile iliyovaa nguo nyingine.

Na sabuni je? Sabuni ni mkalimani. Chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Mkia hushika mafuta, kichwa hushika maji, na mataifa mawili yasiyosikilizana hupatanishwa yakaondoka pamoja. Wazee wetu waliipata sabuni katika vitu vya kwao: mafuta kutoka nazi, na ukali kutoka majivu. Tena sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa ambayo wavuvi wa Shimoni na Wasini wataifurahia, kuwa hutoa povu hata katika maji ya chumvi, mahali ambapo sabuni nyingine hushindwa. Lakini mkalimani haji kabla ya wenye maneno. Sabuni iliyotangulia kufika juu ya utomvu mkavu haikupata mafuta ya kuyashika, ndiyo maana binamu alisugua bure.

Kwa kanuni hii moja, mtu aweza kukabili karibu kila kinatacho. Asali, sukari guru, chai ya maziwa na maji ya bibo ni jamaa ya maji. Weka juu yake kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, ngoja dakika chache, kisha futa na kukausha. Usimwage maji mezani kama unaosha sakafu, maana ubao hunywa, huvimba, na vanishi yake hugeuka nyeupe kama ukungu. Gundi ya karatasi iliyobandikwa juu ya chombo kipya, na alama za tepu, ni jamaa ya mafuta. Paka mafuta, ngoja, futa, kisha mwite mkalimani. Nta ya mshumaa haitaki haraka ikiwa ya moto. Iache igande, iinue kwa ukingo wa kifuu cha nazi au kipande cha mti, kitu kilicho laini kuliko meza. Kisha tandika karatasi ya kaki juu ya mabaki na upitishe pasi yenye joto dogo. Nta itayeyuka na kuhamia katika karatasi, kwa sababu nyuzi za karatasi zina kiu kuliko mti.

Liko na jambo moja liwahusulo wanafunzi hasa, nalo ni chingamu. Pindua dawati lolote la shule uone makaburi ya chingamu yaliyopangwa chini yake. Kitu hiki hapo zamani kilifanywa kwa utomvu wa mti wa Meksiko na nchi za jirani yake. Siku hizi zaidi hufanywa viwandani kwa vitu vilivyo ndugu wa mpira. Nchi ya Singapore ilichoshwa nacho hata ikakataza kuingizwa kwake mwaka 1992. Sisi hatuhitaji sheria kali kama hiyo. Karatasi moja na pipa la taka vyatosha. Walakini kikishakuwako, dawa yake ni baridi. Tia barafu katika mfuko, uiweke juu yake hata chingamu iwe ngumu na iweze kuvunjika, kisha igonge kwa kijiti itoke vipande. Mabaki madogo yatashindwa na mafuta.

Lakini maarifa yasiyo na tahadhari ni hatari kuliko ujinga. Petroli huyeyusha mengi, nayo mvuke wake hutambaa chini usionekane, hata ukutane na cheche mbali na ilipo chupa. Nyumba ya makuti haitoi nafasi ya pili. Mafuta ya taa nayo yasiguse ubao wa kukatia chakula, wala mbuzi ya kukunia nazi, wala kinu. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, maana mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu iunguzayo mapafu. Spiriti huyeyusha polishi ya kale iliyofanywa kwa shelaki, kitu watoacho wadudu wadogo juu ya miti ya Bara Hindi na Siam ya kale, ambayo leo ni Thailand. Mtu akiitumia ataondoa uchafu pamoja na vazi la meza. Na majivu yenye maji, yafaayo sana kwa sufuria, yaweza kuutia mti weusi. Basi kila dawa ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, chini ya meza au nyuma ya mguu wake. Aliyejaribu pembeni hujuta kidogo. Aliyejaribu katikati hujuta mbele ya wageni.

Isidhaniwe, kwa haya niliyosema, ya kuwa kinatacho ni kibaya kwa asili yake. Ubaya wake ni wa mahali tu. Katika misitu ya Kwale mna mti uitwao msandarusi, ambao gome lake likijeruhiwa hutoka utomvu unatao. Utomvu huo ukianguka na kufunikwa na udongo kwa miaka mingi huwa mgumu na kung'aa kama kahawia nyepesi ya kioo: hiyo ndiyo sandarusi. Ile mbichi iliitwa chakazi, na jina hilo lilipofika midomoni mwa wafanya biashara wa Kiingereza lilipotoka likawa kama jina la punda katika lugha yao. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa katika pwani ya Mrima, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikapakiwa merikebuni. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem, katika Massachusetts, zilichukua shehena za sandarusi hata kwao. Pale Salem ilioshwa kwa maji ya magadi ili gamba lake la nje liondoke, kisha ikayeyushwa ikafanywa vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi.

Tafakari jambo hilo. Utomvu wa mti wa pwani yetu, ambao kama ungalidondoka juu ya meza ungaliitwa uchafu, ulivuka bahari ukawa ngao ya meza za watu wengine, ukizilinda zisipenywe na asali yao na mvinyo wao. Hali kadhalika yale mafuta makali ya ganda la korosho hutumiwa viwandani kufanyia rangi, vanishi, na breki za magari. Na wabanguaji wa korosho, ili yasiwaunguze, hupaka mikono yao mafuta au majivu kabla ya kuanza kazi. Mwenye hekima hauchukii utomvu. Huujua, huuweka mahali pake, na ukipotea njia huurudisha kwa upole.

Na kwa nini tujitaabishe hivyo kwa ajili ya ubao? Kwa sababu ubao mwema hauji tena kwa wepesi. Mvule na mbambakofi ni miti ikuayo polepole kuliko umri wa mtu, na misitu yake imepungua sana. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia, Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani ikiwa miongoni mwake. Na wazee wa kaya walikwisha kukataza ukataji wa miti humo vizazi vingi kabla ya hapo. Kila meza inayotunzwa ikadumu miaka sitini ni mti mmoja uliosamehewa shoka. Mtu atumiaye kisu na ghadhabu juu ya meza yake hujikatia mti mwingine msituni bila kujua.

Neno langu la mwisho ni kwa wavulana zaidi. Katika nyumba nyingi, yule apasuaye fenesi kwa majigambo ni mvulana, na yule ainamaye kusafisha meza ni dada yake. Desturi hiyo haina haki, tena huwanyima wavulana elimu. Bibi yangu angaliweza kuwaita mabinti wasafishe, nao wangalisafisha vizuri. Lakini alimwita yule aliyetenda, akamwonyesha, akamwachia msasa mkononi hata jua likapanda. Binamu huyo leo ni seremala Ukunda. Vijana wamletao kazi yenye gundi huulizwa swali moja kabla ya jingine lolote: "Kilichoshika ni kitu gani?" Asiyejua jibu hurudishwa akanuse, aguse, na kutazama, ndipo apewe kitambaa.

Swali hilo lafaa kubebwa hata nje ya jiko. Katika maisha, msomaji, utakutana na mengi yanatayo: tabia iliyozoeleka, deni, ghadhabu ya rafiki, neno baya lililotamkwa na kukauka. Mkono wako utataka kisu, na hofu yako itakuletea petroli. Jina la jambo liulizwe kwanza, na jamaa yake itafutwe. Kisha lipakwe kifaacho, lipewe muda wa kulainika, na lifutwe kwa kufuata nyuzi zake. Nguvu ina kazi nyingi njema duniani, katika jembe, katika kasia na katika mchi. Mbele ya kinatacho haina kazi, na wakati wa kungoja ni sehemu ya kazi yenyewe.